Akii-Bua: Bingwa wa viunzi aliyeingia Kenya kama mkimbizi

Septemba 2, 1972, katika uwanja wa Olimpiki mjini Munich, Ujerumani Magharibi, askari polisi kutoka Uganda alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, katika fainali ya mbio za mita 400 kuruka viunzi. Waruka viunzi huiogopa njia hiyo. Kona zake ni kali, na mwenye miguu mirefu hulazimika kujibana ili asipoteze hatua kabla ya kukifikia kiunzi kinachofuata. Katika njia nyingine alikuwamo Mwingereza David Hemery, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, pamoja na Mmarekani Ralph Mann.

John Akii-Bua alimaliza wa kwanza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuzikamilisha mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alifuata kwa 48.51, na Hemery akawa wa tatu kwa 48.52. Mshindi hakusimama kwenye utepe. Aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, akiviruka viunzi vilivyokuwa bado vimesimama, na hata vingine ambavyo havikuwapo ila machoni pake mwenyewe. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Michezo ya Olimpiki.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Lugha ya huko ni ndugu ya Kijaluo, na mkazi wa Mbita au Rusinga akiisikiliza kwa makini haimpotei yote. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa boma hilo walifikia 43. Kijana huyo alichunga ng'ombe, masomo yakakatika mapema, kisha akaenda Kampala na kujiunga na polisi. Kama ilivyokuwa kwa wanariadha wengi wa Afrika Mashariki wa enzi hizo, ni kazi ya sare iliyomfungulia mlango wa uwanja.

Hapo polisi alimkuta Jorem Ochana, mwanariadha aliyezijua vyema mbio za viunzi. Ili kumfundisha mwanafunzi wake kuinama anaporuka, Ochana aliweka ufito juu ya kiunzi. Aliyeinua kichwa aligonga paji la uso, na Akii-Bua aligonga mara nyingi hadi akatokwa damu. Baadaye alikuja kocha Mwingereza Malcolm Arnold, aliyetambua kwamba mbio za mita 110 hazikuwa zake na kumwelekeza kwenye mita 400. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, 1970, alimaliza wa nne huku mwili ukimsumbua kwa maumivu. Katika michezo hiyo hiyo, mwenzake Judith Ayaa aliipatia Uganda shaba ya mita 400 za wanawake, sifa ambayo haikumbukwi inavyostahili.

Maandalizi ya Munich yalikuwa ya kutisha. Akii-Bua alikimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito wa takriban kilo 11, akaruka viunzi vya kimo cha sentimita 106 badala ya 91 zinazotumika katika mita 400, tena kwa umbali wa mita 1,500 kwa mfululizo. Alijifunza pia kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Uwezo huo ndio uliomwokoa katika kona za ile njia ya kwanza.

Alipokelewa nyumbani kwa shangwe. Alipandishwa cheo na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini Uganda ya wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin, aliyempindua Milton Obote Januari 1971. Obote alikuwa Mlango, na Walango pamoja na Waacholi waliandamwa na kuuawa kwa wingi, hasa katika jeshi na polisi. Akii-Bua aliishi katika hali ngumu ya kupigiwa makofi na serikali ile ile iliyokuwa ikiwamaliza watu wa kwao. Dhahabu ilimkinga, ila haikumpa uhuru.

Januari 1973 alinyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Lagos kwa sekunde 48.54. Mashabiki wakaanza kuisubiri Montreal, 1976, ambako angekabiliana na Mmarekani chipukizi, Edwin Moses. Mbio hizo hazikufanyika. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Moses alishinda kwa 47.64 na kuivunja rekodi ya Munich, mwenye rekodi akiwa hayupo uwanjani. Msimamo wa Afrika ulikuwa wa haki, lakini gharama yake iliwaangukia wanariadha waliokuwa katika kilele cha nguvu zao.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala. Ofisa wa polisi wa utawala uliokuwa ukianguka hakuwa na usalama, hata awe bingwa wa Olimpiki. Akii-Bua alivuka mpaka na familia yake na kuingia Kenya, akajikuta kambini miongoni mwa wakimbizi. Habari zake zilipoenea, kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivivaa Munich, ilimchukua hadi Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 alirudi uwanjani mjini Moscow akiwa na miaka 30. Miguu haikuwa ile tena, na alitolewa katika nusu fainali.

Katika miaka ya 1980 alirejea Uganda, akarudi polisi na kufundisha vijana riadha. Aliaga dunia Juni 20, 1997, akiwa na umri wa miaka 47, mjane mwenye watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na uwanja wa mjini Lira ukaitwa kwa jina lake. Uganda ilisubiri dhahabu ya pili ya Olimpiki hadi Agosti 12, 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni mjini London.