Kapteni Mingaud na Kipande cha Ngozi

Ukipita Kerugoya jioni utawakuta vijana wameizunguka meza ya pool, mmoja wao akisawazisha ncha ya fimbo kwa msasa, akiulowesha ukingo wa ngozi kwa mate na kuusugua hadi ukaze na kung'aa. Wachache wajua kwamba ngozi ile ilitoka gerezani.

François Mingaud alizaliwa Ufaransa mwaka 1771, akawa kapteni wa askari wa miguu, kisha akatiwa ndani kwa mambo ya siasa. Wapo wasemao alifungwa Bastille, lakini ngome hiyo ilianza kubomolewa mwaka 1789, naye akiwa kijana wa miaka 18 tu. Huko kifungoni palikuwa na meza ya biliadi. Siku hizo ncha ya fimbo ilikuwa mti mtupu. Ukiupiga mpira pembeni, fimbo yateleza. Bwana Mingaud akabandika ngozi, nayo ikaushika mpira. Sasa aliweza kuutuma ugonge mwenzake, kisha urudi nyuma kama ulioitwa. Yasemekana siku ya kufunguliwa ilipowadia, aliomba abakizwe kidogo amalize majaribio yake!

Kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1827. Alifia Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1847.