Abu Ma'shar al-Balkhi: Mnajimu Aliyechapwa kwa Kutabiri Kweli

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hii inaafiki vyema maisha ya Abu Ma'shar al-Balkhi, mwanachuoni wa karne ya 9 aliyeanza kwa kuwapiga vita wenye elimu ya nyota na akamaliza umri wake akiwa bingwa wao. Katika pwani ya Afrika Mashariki jina lake si geni. Waganga wa falaki wamekuwa wakikifungua kitabu kinachonasibishwa naye, wakamwuliza mgonjwa jina lake na la mamaye, wakajumlisha thamani za herufi na kumtafutia nyota yake. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina hilo hawajui mwenyewe alikuwa nani, alifundisha nini, wala kwa nini khalifa wa Waislamu aliamuru achapwe viboko.

Kuzaliwa na malezi

Jina lake kamili ni Ja'far bin Muhammad bin Umar. Alizaliwa Balkh, mji wa kale wa Khurasani ambao leo umo kaskazini mwa Afghanistan. Wanahistoria wamekadiria kuwa alizaliwa tarehe 10 Agosti 787, na njia waliyoitumia inaoana na mhusika. Katika kimojawapo cha vitabu vyake mna mfano wa mtu asiyetajwa jina, pamoja na maelezo ya mahali zilipokuwa sayari wakati wa kuzaliwa kwake. Watafiti wanaamini kuwa mtu huyo ni mwandishi mwenyewe, nao wakairudisha hesabu nyuma hadi wakaipata siku.

Balkh ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bara Hindi, Uchina na Uajemi. Waislamu, Wabudha, Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo walikutana humo. Haishangazi, basi, kwamba maandishi ya Abu Ma'shar baadaye yalichanganya elimu ya Wagiriki, Waajemi na Wahindi bila kuona ugeni.

Kutoka Khurasani alihamia Baghdad na kukaa upande wa magharibi wa mji, karibu na Lango la Khurasani. Mji wenyewe ulikuwa na uhusiano wa tangu jadi na unajimu, kwani khalifa al-Mansur alipouanzisha mwaka 762 aliwakabidhi wanajimu kazi ya kumchagulia saa njema ya kuweka msingi. Hata hivyo, Abu Ma'shar hakwenda huko kutazama nyota. Alikuwa mwanafunzi wa hadithi za Mtume. Katika taaluma hiyo habari haikubaliwi ila kwa kuchunguza ni nani aliyeisimulia, aliisikia kwa nani, na kama msimulizi huyo ni mkweli. Yamkini aliifahamu hadithi mashuhuri inayohusu siku jua lilipopatwa mjini Madina, mwaka 632, siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume. Watu walipodhani jua limeomboleza, Mtume aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote. Mafundisho hayo yanapingana waziwazi na kazi aliyokuja kuifanya.

Kugeuka

Zama hizo mwanafalsafa al-Kindi alikuwa amepata sifa Baghdad kwa elimu za Kigiriki. Abu Ma'shar alimchukia, akamshutumu na kuwachochea watu wa kawaida dhidi yake. Ibn al-Nadim, aliyekusanya habari za waandishi katika karne ya 10, anaeleza kuwa al-Kindi hakumjibu kwa matusi wala kwa kumshtaki. Alimtuma mtu amvutie kwenye hesabu na jiometri. Chambo kilishika. Abu Ma'shar alizionja elimu hizo, hakuzizamia sana, kisha akavuka hadi kwenye elimu ya hukumu za nyota. Uhasama ulikwisha, kwa sababu sasa na yeye alihitaji yale aliyoyalaani. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 47.

Masimulizi mengine yanadai kuwa alikuwa safarini kwenda kuhiji alipopitia maktaba kubwa ya Ali bin Yahya al-Munajjim. Akaingia kutazama, akavutiwa na vitabu vya nyota, na hija ikasahauliwa. Masimulizi yote mawili yanakubaliana kuwa aliingia unajimu akiwa mtu mzima, msomi aliyekwisha kukomaa katika elimu nyingine.

Hoja ya bahari

Mnamo mwaka 848 hivi aliandika Utangulizi Mkuu wa elimu ya nyota, kitabu chenye sehemu nane. Humo hakuwataka wasomaji wamwamini tu, bali alitafuta ushahidi, na akaupata baharini. Alieleza kwa kina jinsi maji yanavyojaa mwezi unapopanda kuelekea utosini na unapokuwa upande wa chini wa ardhi, jinsi yanavyokupwa mwezi unapokaribia upeo, na jinsi nguvu ya maji inavyobadilika kati ya mwezi mwandamo, nusu mwezi na mwezi mpevu. Mvuvi wa Lamu au Vanga anayejua majira ya bamvua na maji mafu angemwelewa bila mkalimani. Kutokana na hilo Abu Ma'shar alikata shauri: ikiwa mwezi unaisukuma bahari nzima, basi sayari nyinginezo nazo zina athari juu ya hewa, miili na maisha ya watu.

Juu ya msingi huo alijenga ufundi wa kutabiri. Kitabu chake kuhusu tahawili za miaka ya uzazi kilieleza jinsi ya kumsomea mtu kila mwaka wake mpya. Mnajimu alipaswa kukokotoa wakati halisi ambao jua linarudi kwenye nukta ileile lilipokuwa siku ya kuzaliwa. Kwa kuwa mwaka wa jua una siku 365 na takriban robo siku, marejeo hayo huchelewa kwa saa sita hivi kila mwaka, na buruji inayochomoza mashariki wakati huo hubadilika. Hivyo kila mwaka hupata ramani yake, nayo hulinganishwa na ile ya kuzaliwa. Pamoja na hayo, kila mwaka wa umri ulipewa buruji moja kwa zamu, hadi zote 12 zikamilike na hesabu ianze upya. Ulimwengu nao ulikuwa na mwaka wake, ulioanza jua linapoingia buruji ya Hamali. Ndiyo Nauruzi ya Waajemi, neno ambalo Waswahili wanalo katika Nairuzi.

Kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi, wanajimu wa zama zake walirithi kanuni za Tolemi wa Iskandaria. Walitazama buruji ambamo tukio limetokea na nchi ambako limeonekana, kisha wakahesabu muda. Kila saa ya kupatwa kwa jua ilimaanisha mwaka mmoja wa athari, na kila saa ya kupatwa kwa mwezi ilimaanisha mwezi mmoja. Mtu aliyezaliwa jua au mwezi ukiwa mahali hapo palipopatwa alihesabiwa kuwa hatarini zaidi. Abu Ma'shar mwenyewe alizama zaidi katika makutano ya Zuhali na Mshtarii, yanayotukia kila baada ya miaka 20 hivi, ambayo aliyafanya kipimo cha kuinuka na kuanguka kwa dola na dini.

Viboko

Elimu inayodai kujua mwisho wa dola haiwezi kukaa salama karibu na kiti cha enzi. Katika utawala wa al-Musta'in, uliodumu kutoka 862 hadi 866, Abu Ma'shar alitabiri jambo, nalo likatokea kama alivyosema. Badala ya zawadi, khalifa aliamuru achapwe. Inasimuliwa kuwa alilalamika kwamba amelenga shabaha akaadhibiwa kwa kulenga. Al-Musta'in naye alilazimishwa kujiuzulu mwaka 866, na mwaka huohuo akauawa.

Abu Ma'shar aliishi miaka 20 zaidi baada ya hapo. Alifariki mjini Wasit, Iraki, katika mwezi wa Ramadhani mwaka 272 Hijria, sawa na 886 Miladia. Waandishi wa kale wanasema umri wake ulizidi miaka 100. Kwa miaka ya jua alikuwa na 98. Ni kwa miaka ya mwezi ndipo alipoivuka mia.

Urithi wake

Katika karne ya 12 Utangulizi Mkuu ulitafsiriwa kwa Kilatini mara mbili, mwaka 1133 na 1140, naye akajulikana Ulaya kwa jina la Albumasar. Kutoka kwake wasomi wa huko walijifunza mengi kuhusu kujaa na kupwa kwa maji. Nadharia yake ya makutano nayo ilienea, na mwaka 1524, sayari zilipokusanyika katika buruji ya Samaki, hofu ya gharika ilitanda Ulaya. Gharika haikuja.

Leo inafahamika kuwa alikuwa sahihi kuhusu mwezi na bahari, lakini alikosea katika hatua iliyofuata. Mvutano wa mwezi unasukuma maji. Ule wa Zuhali na Mshtarii ni mdogo mno kuweza kufanya hivyo. Jua linapopatwa, mwezi na jua huwa vimepangana kama vinavyokaribia kupangana kila mwezi unapoandama, na bahari hupata bamvua yake ya kawaida.

Kosa hilo lingesamehewa kwa urahisi, kwa kuwa karne ya 9 haikuwa na vyombo vya kulipima. Linalostahili kutafakariwa ni lile la viboko. Utabiri mmoja uliopatia ulimletea adhabu, na adhabu ikaufanya ukumbukwe kwa zaidi ya miaka 1100. Tabiri zilizokosea hazikupata mtu wa kuzihesabu. Khalifa alimpiga bila kuuliza ni mara ngapi alikosea, na waliomsifu hawakuuliza pia. Ajabu ni kwamba mwanachuoni huyo alilelewa katika taaluma isiyopokea habari hata moja kabla ya kuihoji. Lau swali lile alilofundishwa kumwuliza msimulizi wa hadithi angeziuliza nyota zake kwa ukali uleule, huenda historia ingemkumbuka zaidi kwa bahari kuliko kwa ramli.