Stanley Matthews: Mzee aliyepiga chenga mpaka miaka 70

KAMA unaamini mtu akifika miaka 60 kazi yake inabaki kukaa barazani, kunywa chai na kubishana habari za Simba na Yanga, subiri kwanza usome habari za huyu mzee.

Mwaka 1985, huko Brazil, maveterani wa England waliingia uwanjani kucheza na maveterani wa wenyeji. Brazil walikuwa na watu kama Amarildo na Jairzinho, majina ambayo hayahitaji utambulisho, wote wamebeba Kombe la Dunia. Kwenye kikosi cha England kulikuwa na winga wa kulia mwenye miguu iliyopinda kidogo na nywele chache kichwani. Umri wake? Miaka 70.

Huyo ndiye Sir Stanley Matthews. Mabeki wa Ulaya walimwogopa kwa zaidi ya miaka 30, na mchezo huo wa Brazil ndio uliomtundikisha daluga moja kwa moja. Wengi tunamjua kama mtu wa kwanza kubeba Ballon d'Or. Lakini kilichomweka mjini muda wote huo ni namna alivyoutunza mwili wake, na hasa alivyoendelea kuutunza wakati hakuna kocha aliyekuwa anamsimamia.

Mtoto wa kinyozi bondia

Matthews alizaliwa Februari 1, 1915, Hanley, eneo la Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Baba yake, Jack Matthews, alikuwa kinyozi mchana na bondia usiku. Watu wa mtaa walimjua kama kinyozi mpiganaji.

Mzee Jack hakuwa na mchezo kwenye suala la mazoezi. Asubuhi na mapema watoto wake walikuwa macho, dirisha liko wazi, baridi inaingia, wao wanavuta pumzi na kunyoosha viungo. Stanley alianza hivyo akiwa mdogo kabisa. Kwake mazoezi ya asubuhi yalikuwa kama kupiga mswaki, huamki ukajiuliza kama leo unajisikia au la.

Aliacha shule akiwa na miaka 14, na akiwa na miaka 15 akaajiriwa Stoke City, kwanza kama kijana wa ofisini. Alipotimiza miaka 17 akasaini mkataba wa kulipwa, na mwaka huohuo wa 1932 akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi. Mwaka 1934 alikuwa tayari kwenye timu ya taifa ya England.

Mzee Jack alifariki mwaka 1945. Kabla ya kufumba macho alimwachia mwanawe mambo mawili: amtunze mama yake, na ahakikishe siku moja anavaa medali ya ubingwa wa Kombe la FA. Stanley akaahidi. Wakati huo alikuwa na umri wa karibu miaka 30 na vita vilikuwa vimeshamla miaka mingi ya soka. Kwa hesabu za kawaida za winga, muda ulikuwa unamtupa mkono.

Mchangani Blackpool

Wakati wa vita alitumikia jeshi la anga, akiwa kambini karibu na mji wa Blackpool, na mwaka 1947 klabu ya Blackpool ikamnunua kwa pauni 11,500. Alikuwa na miaka 32, na wapo walioona fedha zile zimetupwa baharini.

Kumbe baharini ndiko alikokuwa anafanyia kazi. Asubuhi wakati wenzake wamelala, Matthews alikuwa ufukweni peke yake. Anakimbia, anatembea, anapiga zile mbio fupi za mita chache tu. Hakuhangaika sana na mbio ndefu, kwa sababu alijua winga anaishi kwa hatua tano za kwanza. Ukimwacha beki hapo, basi umemwacha.

Kwenye kula ndiyo usiseme. Pombe hakuwa nayo na sigara hakuvuta, ingawa picha yake iliwahi kutumika kwenye tangazo la sigara za Craven A. Alikuwa mtu wa matunda, mbogamboga na juisi ya karoti enzi ambazo wachezaji wa England walishindilia nyama na viazi kabla ya mechi, kisha jioni wanahamia baa. Na Jumatatu hakula kabisa, alifunga.

Hata uzito wa viatu ulimkera. Kwenye Kombe la Dunia la 1950 aliona Wabrazili wanacheza na viatu vyepesi, siyo yale magogo ya ngozi waliyozoea Waingereza. Aliporudi kwao akatengenezewa vya namna hiyo. Vilikuwa vyepesi kiasi kwamba vilichakaa baada ya mechi chache tu. Hakujali.

Ahadi ya baba

Fainali ya FA ya 1948 alipoteza mbele ya Manchester United. Ya 1951 akapoteza tena kwa Newcastle. Mei 2, 1953, akiwa na miaka 38, akaingia Wembley mara ya tatu, mpinzani akiwa Bolton. Kipindi cha pili kikiwa kinayoyoma Blackpool walikuwa nyuma kwa mabao 3-1.

Hapo ndipo pumzi ya ufukweni ilipolipa. Mabeki wa Bolton walikuwa wamechoka, miguu imejaa maji. Huyu wa miaka 38 ndiyo kwanza anaanza, anaomba mpira kila dakika pembeni kulia. Stan Mortensen alifunga mabao matatu siku hiyo, na dakika za mwisho Matthews akamkalisha beki wake, akarudisha mpira nyuma, Bill Perry, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini, akamaliza kazi. Ikawa 4-3. Fainali ile Waingereza waliipa jina la Matthews, japokuwa hakufunga hata bao moja. Medali ya Mzee Jack ikapatikana.

Mwaka 1956, akiwa na miaka 41, alimsumbua Nilton Santos pale Wembley, England ikaifunga Brazil 4-2. Mwisho wa mwaka akapewa Ballon d'Or ya kwanza kabisa. Mwaka 1961 akarudi nyumbani Stoke City, timu ikiwa daraja la pili na hali mbaya. Mechi ya nyumbani kabla hajaanza kucheza iliingiza watu 8,409. Alipocheza yeye, wakaingia 35,974, wote wamekuja kumwona mtu wa miaka 46. Mwaka 1963 Stoke wakapanda daraja na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka England.

Mechi yake ya mwisho ya ligi kuu ilikuwa Februari 6, 1965, dhidi ya Fulham. Alikuwa na miaka 50 na siku tano. Baadaye alikiri kwamba alistaafu mapema mno, alikuwa bado na misimu miwili mguuni.

Sasa hapa ndipo mtihani

Wachezaji wengi tunawajua. Akiwa kazini tumbo bapa. Akistaafu, miaka miwili tu humtambui. Ratiba ya klabu imekwisha, kocha hayupo, mizani hakuna anayeikagua, sahani inabaki ileile ya mtu anayekimbia kilomita 10 kwa mechi.

Matthews hakupita njia hiyo. Ukocha wa Port Vale haukumwendea vizuri, lakini mwili hakuuachia. Alipohamia Malta aliichezea Hibernians akiwa na miaka 55. Na kwa miaka 25, kuanzia 1953 hadi 1978, majira ya kiangazi ya Ulaya alikuwa anakuja Afrika kufundisha watoto maskini mpira, Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, Uganda na hapa kwetu Tanzania. Ghana ilimvisha taji la mfalme wa soka mwaka 1957, alipokwenda kucheza na Hearts of Oak.

Alipofika 60, mwaka 1975, hakuwa barazani. Alikuwa Soweto, katikati ya ubaguzi wa rangi, anafundisha timu ya vijana weusi. Vijana wakamwambia ndoto yao ni kucheza Brazil. Mzee akatafuta wafadhili, akawapeleka. Serikali ya makaburu haikufurahishwa, lakini safari ikafanyika, na haikuwa imewahi kutokea timu ya weusi ya nchi ile kufanya ziara ya namna hiyo nje.

Kazi ile haifanywi na mtu anayehema akipanda ngazi. Kufundisha vijana ni kusimama juani, kutembea, kuonyesha chenga kwa vitendo. Kwa Matthews mazoezi baada ya 60 hayakuwa adhabu ya kupunguza kitambi, yalikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sayansi inamuunga mkono

Wataalamu wa afya wanaeleza hivi. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30, na baada ya 60 inapungua kwa kasi zaidi. Misuli ndiyo inayochoma chakula. Ikipungua, na mtu akipunguza kutembea, ugali uleule uliokutosha ukiwa na miaka 30 unageuka mafuta ukiwa na 60. Ndiyo maana mzee analalamika kwamba hajaongeza chakula lakini suruali haifungi.

Na hapo wengi wanakosea. Wanajinyima kula tu bila mazoezi. Kilo zinashuka kweli, ila sehemu ya kinachoondoka ni misuli, ile ile iliyokuwa inasaidia. Mtu anakuwa mwembamba na dhaifu, akijikwaa anaanguka, akianguka anavunjika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka. Gawa kwa siku tano, ni nusu saa tu kila siku, pungufu ya kipindi kimoja cha mpira. Siku mbili au zaidi afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu, mfano kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa. Na siku tatu afanye ya kujiweka sawa asiyumbe, mfano kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta.

Ile ya kufunga Jumatatu usiige kichwakichwa. Mwenye kisukari, presha au anayetumia dawa kila siku aongee na daktari wake kwanza. Kinachofaa kuigwa na kila mtu ni mboga na matunda mengi, sahani ndogo, na kuikataa pombe na sigara.

Mwili ulipokataa

Turudi Brazil, 1985. Siku ile mzee alicheza, na goti likamsaliti, gegedu ikaumia. Yeye mwenyewe aliligeuza utani, kana kwamba ni chipukizi aliyekatishwa ndoto zake. Lakini tusidanganyane, miaka 70 ni 70. Hata Matthews, aliyejitunza tangu dirisha la baba yake, alifika mahali mwili ukasema inatosha. Kucheza mechi ya ushindani na kujiweka fiti ni vitu viwili tofauti. Alichoacha ni mechi.

Alifariki Februari 23, 2000, akiwa na miaka 85. Siku ya mazishi yake watu wapatao 100,000 walijipanga barabarani Stoke kumuaga. Majivu yake yakazikwa chini ya duara la katikati ya uwanja wa Stoke City. Katika maisha yake yote ya soka hakuwahi hata kuandikwa jina na mwamuzi kwa mchezo mbaya.

Mimi ninayeandika haya sijafika hata 30, na kuna siku ngazi za jukwaa la waandishi pale uwanjani zinanitoa jasho. Kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Ila Jumapili naona wazee wetu kwenye mechi za maveterani. Wengine wanaingia uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye kiti, hawajatembea wiki nzima, wanataka kukimbiza mpira kama enzi zao, dakika ya kumi mtu ameshika paja.

Shikamooni wazee wangu. Kabla ya Jumapili kuna Jumatatu mpaka Jumamosi. Matthews alikuwa mkali siku ya mechi kwa sababu ya asubuhi zile za ufukweni ambazo hakuna aliyelipa kiingilio kumwangalia. Kesho asubuhi anza na nusu saa ya kutembea, mwendo wa haraka kidogo. Na mechi ya jioni, ukiweza, kaiangalie kibanda cha mtaa wa pili, uende kwa miguu na urudi kwa miguu.