Piet Mondrian: Mchoraji wa Mitaa na Taa

Ukiwa Musoma mjini usiku, tazama mitaa inavyokatana, taa za bodaboda zinavyopita na madirisha yanavyowaka. Je, unaweza kuuchora mji huo bila kuchora nyumba, bodaboda wala mtu? Piet Mondrian aliuchora hivyo mji wa New York. Katika mada ya sanaa dhahania, mfano wake ujue vizuri.

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1872 huko Amersfoort, Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba alichora mistari kwa sababu vitu vilimshinda! Alikuwa na cheti cha kufundisha uchoraji, na kwa miaka mingi alichora mashamba, vinu vya upepo na miti. Linganisha miti aliyoichora kati ya 1908 na 1912: matawi yanazidi kugeuka mistari mpaka mti wenyewe unakaribia kupotea. Mwanafunzi wa Bunda au Butiama mwenye mwembe uani anaweza kulijaribu zoezi hilo kwa penseli tu.

Mwaka 1917 alijiunga na Theo van Doesburg katika kundi la De Stijl. Baadaye, akiwa Paris, alibaki na mistari myeusi, iliyolala na iliyosimama, pamoja na nyekundu, bluu na njano juu ya nyeupe. Picha hizo hazikumlisha. Ilimbidi achore maua ya kuuza.

Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yalimkuta London, naye akakimbilia New York akiwa na miaka 68. Huko alikuta mitaa iliyonyooka, maghorofa marefu, taa za umeme na muziki wa dansi aliousikiliza kwenye santuri. Mzee huyu, aliyeushikilia mstari mweusi kwa takribani miaka 20, akauacha. Katika Broadway Boogie Woogie (1942–43), yenye sentimita 127 kila upande, hutauona. Utaona njia za njano zilizokatizwa na miraba midogo ya nyekundu, bluu na kijivu, kama magari kwenye foleni. Alipanga kwa utepe wa rangi wa kunata, unaobanduliwa na kuhamishwa upesi kuliko rangi ya mafuta.

Picha iliyofuata, Victory Boogie Woogie, ilikuwa karibu kwisha alipoanza kuibadilisha tena kwa vipande vya utepe na karatasi. Nimonia ilimuua tarehe 1 Februari 1944. Picha hiyo iko The Hague, Uholanzi, vipande vyake vikiwa bado vimebandikwa.