Al-Biruni, aliyeisoma yoga kabla ya kuihukumu

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa bado Port Florence, ilikuja na Wahindi wengi, wakajenga maduka na mahekalu yao karibu na ziwa. Misikiti nayo ikasimama. Basi Mwislamu wa Kisumu, awe mtu wa pwani aliyehamia au Mjaluo aliyesilimu, ana jirani Mhindi tangu enzi za babu yake. Siku hizi kujinyoosha polepole, kuvuta pumzi kwa mpango na kulala chali hadi mwili ulegee kumekuwa dawa ya uchovu ulimwenguni kote. Wako na wanaopitisha viganja juu ya mgonjwa, wakidai kumtia nguvu. Je, hii ni afya, au ni ibada ya wenyewe?

Swali hilo lilizaliwa kabla ya Kisumu. Abu Raihan Muhammad al-Biruni, Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, akawa bingwa wa nyota na hesabu. Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka nchi yao, akamchukua hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Mahmud aliingia Bara Hindi kwa upanga. Al-Biruni aliingia kwa kalamu. Mtu mzima wa miaka arubaini na ushei, akaketi mbele ya wanazuoni wa Kihindu kujifunza Kisanskriti, kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Na katika kitabu chake cha Bara Hindi, cha mwaka 1030, alisema wazi kwamba vita vya Mahmud viliwatawanya wenye elimu na kuwatia chuki juu ya Waislamu.

Kitabu cha yoga cha Patanjali alikifasiri kwa Kiarabu, akakipanga kwa maswali na majibu. Humo habari ya kukunja viungo ni ndogo. Kubwa ni kuituliza nafsi na kuzizuia hisi, mpaka roho ijivue na dunia. Palipokaribia maneno ya masufi wetu, alipataja. Palipokuwa mbali, kama roho kurudi katika mwili mwingine, alipaeleza bila kupafuata wala kupatukana. Adabu hiyo, kwa maoni yangu, wameikosa wengi wanaoharimisha na wanaohalalisha kwa kusikia tu. Maulamaa wa Indonesia waliichunguza yoga kwanza. Mwaka 2009 wakaikataza ile yenye maneno ya ibada ya Kihindu, wakayaacha mazoezi matupu ya mwili.

Al-Biruni alifia Ghazna, karibu na mwaka 1050. Yasimuliwa kwamba faqihi mmoja alimkuta taabani, pumzi zikimpaa, naye akamwuliza mas'ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama. Faqihi akamwonea huruma: hali hii, na mirathi? Mgonjwa akajibu kuwa ni heri kuiaga dunia hali analijua jambo hilo. Akaelezwa, akalikariri hata akalihifadhi. Faqihi alikuwa njiani bado aliposikia kilio nyumbani kule.