Ibn Sina: Kijana Aliyefunguliwa Maktaba ya Mfalme



Ndugu wanafunzi, katika ukurasa wa maktaba mwaka huu tunakuleteeni maisha ya Abu Ali al-Husayn bin Abdillahi, maarufu kwa jina la Ibn Sina. Wengi wetu tunamjua kuwa ni tabibu mkubwa. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwatibu wafalme alikuwa msomaji wa vitabu, tena akiwa na umri kama wenu. Upande huo ndio tutakaouzungumza zaidi.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 H (980 M) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Wasamani iliyotawala pande zile. Familia ilipohamia Bukhara, mtoto alitafutiwa mwalimu wa Qur'ani na mwalimu wa lugha. Alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kukamilisha Qur'ani na kusoma mengi katika adabu.

Baba yake hakuchagua mwalimu kwa cheo chake. Hesabu za Kihindi alimpeleka kijana akajifunze kwa muuza mboga aliyekuwa hodari wa kuhesabu. Fiqhi alisoma kwa Ismail az-Zahid, na mantiki kwa an-Natili. Mwalimu huyu alimfundisha maumbo machache ya mwanzo ya kitabu cha Euclid, na yaliyobaki kijana akayafumbua mwenyewe. Kisha akaingia katika utabibu, na alipofika miaka 16 matabibu walikuwa wakija kusoma kwake.

KITABU ALICHOKISOMA MARA AROBAINI

Baadaye alikaa mwaka mmoja na nusu akisoma tu. Katika muda huo hakulala usiku mzima hata mara moja. Kila hoja aliyoisoma aliiandika kwenye karatasi na kuipanga mahali pake. Ikimshinda, alikwenda msikitini, akaswali na kumwomba Mwenyezi Mungu amfungulie.

Kuna kitabu kimoja kilichomshinda kabisa, nacho ni kile cha Aristotle kinachoitwa Metafizikia. Alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, na bado hakujua mwandishi alikusudia nini. Akakata tamaa. Alasiri moja alikuwa katika soko la wauza vitabu, dalali akamnadia kitabu. Ibn Sina akakataa kwa kuudhika, akidhani hakina faida. Dalali akamsihi akinunue, kwani mwenyewe ana shida na bei ni dirhamu 3 tu. Akakinunua. Kumbe ni kitabu cha al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kile kile kilichomshinda! Akarudi nyumbani, akakisoma haraka, na mara ile yote aliyoyahifadhi yakamfungukia. Siku ya pili yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini, kumshukuru Mwenyezi Mungu.

NDANI YA MAKTABA

Ikatokea mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur, akaugua maradhi yaliyowashinda matabibu wake. Wakamtaja Ibn Sina, akaitwa, akashirikiana nao katika kumtibu. Alipopata nafasi, aliomba ruhusa ya kuingia maktaba ya mfalme na kusoma vitabu vyake. Akapewa.

Alikuta nyumba ya vyumba vingi, na kila chumba kina masanduku ya vitabu yaliyopangwa moja juu ya jingine. Chumba kimoja kilikuwa cha lugha ya Kiarabu na mashairi, kingine cha fiqhi, na hivyo hivyo kila elimu na chumba chake. Hakuanza kufungua masanduku ovyo. Kwanza alisoma orodha ya vitabu, kisha akaomba vile alivyovihitaji. Humo aliona vitabu ambavyo watu wengi hawakuwahi kusikia hata majina yake. Alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza elimu zote hizo.

Wanahistoria wanasimulia kuwa baadaye maktaba ile iliungua moto. Maadui wa Ibn Sina wakamzushia kwamba ndiye aliyeichoma, ili elimu ile ibaki kwake peke yake.

VITABU ALIVYOVIANDIKA

Alipofika miaka 21 alianza kutunga. Jirani yake mmoja alimwomba amwandikie, akamtungia kitabu cha juzuu kama 20 kilichoitwa al-Hasil wal-Mahsul. Lakini jirani yule hakumwazima mtu yeyote akinakili. Kazi yote ile leo imepotea.

Dola ya Wasamani ikaanguka mwaka 999 M, na Ibn Sina akatoka Bukhara, akawa mtu wa kuhama miji. Huko Hamadhan alipewa uwaziri. Mchana alikuwa na kazi za serikali, usiku wanafunzi wakikusanyika nyumbani kwake kusoma kwa zamu ash-Shifa na al-Qanun, kitabu chake kikubwa cha utabibu. Wakati mmoja alipokuwa mafichoni katika nyumba ya muuza dawa, hakuwa na kitabu hata kimoja cha kutazamia. Akaandika kwa hifadhi yake tu, kurasa 50 kila siku.

Al-Qanun kilisomwa na kunakiliwa. Katika karne ya 12 M kilitafsiriwa kwa Kilatini, mwaka 1593 kikapigwa chapa kwa Kiarabu mjini Roma, na vyuo vikuu vya Ulaya vilikisomesha mpaka karne ya 17.

Tukumbuke pia kuwa wanazuoni hawakuyakubali yote aliyoyasema. Imam al-Ghazali aliyajibu maoni yake ya falsafa katika Tahafut al-Falasifa. Alimjibu baada ya kumsoma.

KUFARIKI KWAKE

Alifariki Hamadhan mwezi wa Ramadhani mwaka 428 H (1037 M), na huko ndiko alikozikwa. Habari zake zimetufikia kwa sababu alimsimulia mwanafunzi wake al-Juzjani, naye akaziandika.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kitabu kikikushinda, usikitupe. Kirudie, kisha utafute kingine kinachokisherehesha.

2. Ukiingia maktaba anza na orodha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vitabu ni hivyo hivyo.

3. Soma na kalamu mkononi.

4. Usikidharau kitabu kwa bei yake wala mwalimu kwa kazi yake.

5. Kitabu ulichoazima kirudishe. Juzuu 20 zilizofungiwa nyumbani kwa mtu mmoja zimepotea, na kitabu kilichopita mikono ya wanafunzi kipo hadi leo. Basi kile kilichoko chini ya mto wako tangu Ramadhani, mwenzako anakingoja.

Wabillahi tawfiq.