Mwalimu Nyerere na kiti kimoja cha Mbulu

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilipiga kura kwa mara ya mwisho kabla ya Uhuru. Viti vya kugombewa vilikuwa 71. TANU, chama cha Mwalimu Julius Nyerere, kilichukua 70. Kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu.

Shuleni tulifundishwa habari za vile 70. Hiki kimoja hakitajwi sana, hata huku kwetu kilikotokea. Lakini kinasaidia kumwelewa Mwalimu, kwa sababu swali lililoulizwa Mbulu mwaka ule lilimfuata mpaka uzeeni: mgombea huchaguliwa na nani, chama au wananchi?

Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka kama 12. Kutoka hapo alikwenda Tabora, Makerere, kisha Edinburgh huko Uskochi, akarudi mwaka 1952 na kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Siasa yake ilianza kwa kura iliyopigwa baina ya watu wa chama kimoja. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Dar es Salaam, aligombea urais wa chama cha TAA dhidi ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini aliyejulikana na kila mtu. Mwalimu mgeni kutoka bara akashinda. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili aifanye siasa peke yake.

Mtihani mkubwa ulikuja Tabora, Januari 1958. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake haihesabiwi. Wanachama wengi walitaka TANU isusie. Nyerere aliwashawishi waingie, akiona kwamba chama kitakachobaki nje kitaachwa na wakati. Mkutano ulimkubali, lakini si kila mtu. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaanzisha chama chake, African National Congress. Kura tatu zilipopigwa, wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU ndio walioshinda.

Kwa hiyo ilipofika 1960 TANU haikuwa na mpinzani wa kuitisha. Katika majimbo 58 mgombea wake hakuwa na mtu wa kushindana naye, akapita bila kura kupigwa. Ni majimbo 13 tu yaliyopiga kura, na Mbulu ilikuwa mojawapo.

Wilaya ya Mbulu ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko tunayoijua leo. Hanang, Babati na Karatu zote zilikuwa ndani yake: Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig na wengineo katika wilaya moja. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo, mtu wa Wagorowa, mwenye jina na uzoefu wa utawala. Dhidi yake akajitokeza Herman Elias Sarwatt. Sarwatt hakutoka chama cha upinzani. Alikuwa mwana-TANU kama Dodo, ila chama hakikumteua, naye akaamua kusimama peke yake kama mgombea binafsi.

Hebu fikiria hali ya mpiga kura wa Mbulu siku ile. Kwanza, hakuwa kila mtu. Ili uandikishwe ilikupasa uwe na miaka 21, na ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe na cheo fulani. Aliyetimiza masharti hayo alikuta wagombea wawili, wote wakitaka Uhuru, wote wakimkubali Nyerere. Hakuna aliyekuwa wa Mwingereza. Kilichobaki ni kuamua yupi atakuwa sauti ya Mbulu, na je, jina lililopitishwa na chama litoshe?

Sarwatt akashinda.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa kabila tu: Wairaqw walikuwa wengi, na Dodo hakuwa Mwiraqw. Kabila lilikuwa na uzito, hilo halifichiki. Ila mimi sioni kwamba linamaliza habari. Watu wale walikuwa wakiitaka TANU. Walichokataa ni chaguo moja la TANU, na walikuwa na njia ya kulikataa bila kukikataa chama. Ndiyo maana Sarwatt alipofika bungeni alikaa upande wa TANU, na TANU ikampokea. Hapakuwa na uadui wa kudumu.

Nyerere akawa Waziri Kiongozi mwezi Septemba uleule, Waziri Mkuu mwaka 1961, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Wiki chache baadaye, Januari 1962, aliushangaza ulimwengu kwa kujiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, ili yeye azunguke nchini kukijenga chama. Novemba 1962 alishindana na Mtemvu yuleyule wa Tabora kugombea urais. Mtemvu alipata kura 21,276. Nyerere alipata zaidi ya milioni moja. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta utawala wa machifu, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa chifu.

Hapo ndipo swali la Mbulu liliporudi. Kama chama ni kimoja na mgombea ni mmoja, mwananchi anachagua nini? Nyerere alilijibu kwa Katiba ya muda ya 1965. Chama kikawa kimoja kwa sheria, lakini kila jimbo likapewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura. Septemba 1965 wabunge wengi waliangushwa, hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Ushindani ambao Mbulu iliupata kwa mtu kukaidi uteuzi, sasa ulitolewa na chama chenyewe.

Lakini Katiba hiyohiyo ilifunga mlango aliopitia Sarwatt. Mgombea alilazimika kuwa mwanachama na apitishwe na chama. Mgombea binafsi akaisha. Sahihi ya kuufunga mlango huo ilikuwa ya Nyerere.

Aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Tume ya Jaji Nyalali ilipoona kwamba Watanzania wapatao 80 katika kila 100 wanataka chama kimoja kiendelee, Mwalimu aliwaunga mkono wale 20, na vyama vingi vikarudi 1992. Mgombea binafsi hakurudi. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akaamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Serikali ilijibu kwa kupeleka bungeni mabadiliko ya Katiba ili kuizuia haki hiyo. Mzee Nyerere aliyapinga waziwazi katika maandishi yake ya miaka hiyo. Aliona ni hatari kugusa haki za raia kwa njia hiyo, maana ukigusa moja, nyingine zitalindwa na nini? Safari hii hakusikilizwa.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo Arusha, ilimpa Mtikila ushindi na kuitaka Tanzania irekebishe sheria. Hadi uchaguzi mkuu wa 2025, hakuna aliyeruhusiwa kugombea ubunge bila chama, Mbulu wala kwingineko.